Nafasi ya Gapi Ni Ghali Kuliko Gapi Mwenyewe

Kati ya samaki wa mapambo wanaouzwa Dar es Salaam na Nairobi, gapi ndiye anayempotosha mnunuzi kirahisi zaidi kwa bei yake. Anauzwa pesa ndogo, dume hazidi sana sentimita 3, na mkia wake wa rangi ya chungwa, buluu na nyeusi humfanya mtu aone amepata uzuri mwingi kwa gharama kidogo. Na kweli amepata. Lakini jike anayetiwa kwenye mfuko huohuo wa plastiki karibu kila mara ana mimba tayari, kwa sababu dukani amekaa tangi moja na madume. Mwenye kununua gapi watatu ananunua na watoto wao, na watoto hao watadai maji, kioo, umeme na mikono ya mtu wa kuwahudumia. Huko ndiko pesa inakokwenda, na ndiko watu wengi wasikopigia hesabu kabla ya kuanza.

Gapi, kisayansi Poecilia reticulata, asili yake ni mito na vijito vya Venezuela, Guyana na kisiwa cha Trinidad. Mjerumani Wilhelm Peters ndiye aliyemweleza kitaalamu mwaka 1859, kwa samaki waliotoka Caracas. Jina tunalomwita limetokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyepeleka samaki hao London kutoka Trinidad miaka ya 1860. Yumo katika kundi moja na plati, moli na mkia-upanga: samaki wasiotaga, wanaozaa vifaranga hai. Kifaranga wa gapi huzaliwa na urefu wa milimita 6 hadi 8, na saa hiyohiyo anaogelea na kutafuta chakula. Mimba huchukua wiki 3 hadi 5, mara nyingi karibu siku 28 maji yakiwa na nyuzijoto 25 au 26. Jike mchanga huzaa vifaranga wachache, pengine 10 tu. Aliyekomaa huzaa 30 hadi 60, na wapo wakubwa wanaofikisha 100. Tena jike huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi, hivyo anaweza kuzaa mara kadhaa mfululizo bila dume yeyote kuwapo. Anayedhani ataepuka watoto kwa kununua majike peke yao amekosea njia.

Sasa tuhesabu. Umeanza na dume mmoja na majike wawili waliokomaa. Tuchukue kwamba kila jike anazaa vifaranga 30 kila mwezi na umewatunza vizuri kiasi cha 20 kupona. Hao ni 40 kwa mwezi, nusu yao majike. Mwezi wa nne unapoisha una vifaranga 160 na wazazi 3. Mwezi wa tano mambo yanageuka, kwa sababu wale majike 20 wa uzao wa kwanza sasa wana umri wa miezi minne na wanaanza kuzaa. Tuwahesabie vifaranga 10 tu wanaopona kila mmoja: hao ni 200 wapya, juu ya 40 wa bibi zao. Jumla imefika 403. Mwezi wa sita wanazaa majike 40 wachanga, 400 wengine wanaongezeka pamoja na 40 wa kawaida, na una samaki 843.

Hakuna nyumba inayofikia 843, na sababu yake si nzuri. Wazazi hula vifaranga. Msongamano hudumaza ukuaji. Maji yaliyochafuka huleta mapezi yaliyooza na magonjwa mengine, na samaki hufa mpaka idadi ishuke hadi kile ambacho tangi linaweza kubeba. Yaani hesabu hujirekebisha yenyewe kwa vifo, na mfugaji hubaki akilaumu duka kwamba aliuziwa samaki dhaifu.

Turudi kwenye tangi lenyewe. Tangi la kuanzia linalofaa lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 36. Ukilijaza mpaka sentimita 3 chini ya ukingo linaingia lita 59. Changarawe na mawe vinachukua sehemu yake, na maji halisi yanabaki kama lita 53. Fundi vioo akitumia kioo cha milimita 6, kioo pekee kina uzito wa kilo 12 hivi. Ongeza kilo 53 za maji na kilo 8 au 10 za changarawe, una kilo 75: mfuko mmoja na nusu wa saruji uliokaa mahali pamoja mchana na usiku. Kabati la vyombo halitabeba mzigo huo kwa miaka. Meza ya chuma au ya mbao nene lazima iingie kwenye bajeti tangu mwanzo, na mwambie fundi atumie silikoni isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, kwani dawa hiyo huua samaki.

Bei hutofautiana mtaa kwa mtaa, kwa hiyo hizi ninazoweka ni za mfano ili hesabu iende. Badilisha kwa za kwako. Tangi shilingi 60,000 za Tanzania, meza 40,000, pampu ya hewa na chujio la sponji 25,000, taa 20,000, kipimajoto na dawa ya kuondoa klorini 15,000, chakula 10,000. Jumla 170,000. Gapi watatu kwa 5,000 kila mmoja ni 15,000. Katika 185,000 utakazotoa, samaki wenyewe ni asilimia 8.

Gapi mzima mmoja mpe walau lita 3. Tangi letu la lita 53 basi lina nafasi 17. Gawa 170,000 kwa 17: kila nafasi imegharimu shilingi 10,000. Samaki wa 5,000 anakaa kwenye nafasi ya 10,000, na kila kifaranga unayemwacha akue anadai nafasi kama hiyo. Wale 843 wangehitaji lita 2,529, yaani tani mbili na nusu za maji ndani ya matangi 50. Hata ukipata matangi hayo kwa nusu bei, hakuna mshahara wa kawaida unaoyaendesha, wala jioni zinazotosha kuyasafisha.

Umeme ni habari fupi kwa mtu wa Pwani na ndefu kwa mtu wa nyanda za juu. Pampu ndogo ya hewa ya wati 3 ikiwaka saa 24 inakula uniti 2.2 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 10 kwa saa 8 kila siku ni uniti 2.4. Jumla uniti 4.6, ukilipa shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni kama shilingi 1,600 kwa mwezi. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar hesabu inaishia hapo, maana maji ya ndani ya nyumba yanakaa kwenye joto ambalo gapi analipenda mwaka mzima. Nairobi, Arusha au Mbeya usiku wa Julai ni baridi, na kipasha-maji cha wati 50 kikiwaka nusu ya muda kinaongeza uniti 18. Bili ya tangi inaruka kutoka uniti 4.6 hadi 22.6, na asilimia 80 ya umeme wote ni joto. Mfuniko wa kioo na vipande vya sponji nyeupe ngumu vilivyofungwa nyuma na pembeni mwa tangi hupunguza sana upotevu huo. Tena si lazima ulazimishe nyuzijoto 26: gapi huishi vizuri kwenye 22 na 23, huzaa polepole zaidi, na kwa mtu asiye na nafasi hiyo ni nafuu mara mbili.

Pwani nako kuna mtihani wake. Maji ya nyuzijoto 25 yanabeba oksijeni kama miligramu 8.3 kwa lita. Yakifika 30 yanabeba 7.6 tu, wakati huohuo samaki anahitaji zaidi kwa sababu mwili wake unakwenda mbio. Tangi lililojaa hustahimili Januari mpaka umeme ukatike. Hapo samaki huja juu kuhema, na mwenye nyumba huchota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu hadi umeme urudi. Tangi lenye samaki 15 litavumilia saa kadhaa bila kufanya hivyo. Lenye 45 halitavumilia.

Chakula ndicho kitu wanachokihofia wanaoanza, na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote. Gapi mzima, ukichanganya madume wembamba na majike wanene, ana uzito wa wastani wa kama nusu gramu. Samaki 15 ni gramu 7.5, na kwa siku wanatosheka na asilimia 3 ya uzito wao, yaani gramu 0.225. Kwa mwezi hawafikishi gramu 7. Kopo la gramu 50 lingedumu zaidi ya miezi 7, na kufikia hapo vitamini zake zimekwisha nguvu. Nunua kopo dogo. Akiba inayodhaniwa imo kwenye kopo kubwa huishia kumwagwa tangini kama ziada, na ziada ndiyo inayoua.

Inaua vipi? Hapa naomba msomaji avumilie tarakimu chache, kwa sababu ndizo zinazoeleza kwa nini tangi zuri la mwezi wa kwanza linageuka kuwa la taabu mwezi wa nne. Chakula chenye protini asilimia 40 kina naitrojeni asilimia 6.4. Gramu 0.225 za kila siku zina miligramu 14.4 za naitrojeni. Samaki hubakiza sehemu mwilini. Tuseme asilimia 70 inatoka, hasa kupitia mashavu, kama amonia. Hiyo ni miligramu 10 kwa siku katika lita 53, au 0.19 kwa kila lita. Tangi lililokomaa lina bakteria kwenye sponji na changarawe wanaoibadilisha amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina sumu kali. Kwa wiki moja nitrati inapanda kwa karibu miligramu 6 kwa lita.

Ukibadilisha robo ya maji kila wiki, yaani lita 13, nitrati haiendelei kupanda milele. Inasimama pale ambapo robo unayotoa inalingana na kile kinachoongezeka: karibu miligramu 24 kwa lita, juu ya iliyomo kwenye maji ya bomba. Gapi anaishi hapo bila shida. Kwa mwezi ni lita 57, ndoo tatu za lita 20 pungufu kidogo. Kwenye ankara ya maji hutaiona.

Sasa waache samaki wawe 45. Ongezeko la wiki linakuwa miligramu 18, na kwa robo ileile ya maji kiwango kinasimama kwenye 71. Kukirudisha kwenye 24 itakubidi ubadilishe karibu robo tatu ya maji kila wiki, lita 39, ndoo mbili kila Jumamosi bila kukosa. Pesa ya maji na chakula bado ni ndogo. Kilichopanda ni kazi, na nijuavyo mimi wafugaji wengi wa nyumbani hushindwa na kazi muda mrefu kabla ya kushindwa na pesa. Wiki moja ya msiba au safari inatosha.

Tangi jipya lina hatari kubwa zaidi, kwani bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka. Samaki 15 wakitiwa siku ya kwanza, amonia inapanda 0.19 kila siku, na siku ya tano imekaribia miligramu 1 kwa lita. Ukali wake unategemea maji. Maji yenye pH 7 na nyuzijoto 25, chini ya asilimia 1 ya amonia hiyo iko katika hali ya sumu. Yenye pH 8 na nyuzijoto 30 ni kama asilimia 7.5. Visima vingi vya Pwani na Zanzibar hutoa maji magumu yaliyopita kwenye miamba ya matumbawe, na gapi huyapenda kwa sababu ya chokaa iliyomo. Lakini maji hayohayo hulizidishia ukali kosa la kuanza na samaki wengi. Anza na watatu au wanne, ulishe kidogo, usubiri mwezi na nusu. Ukiweza kupata kipande cha sponji iliyokwisha kutumika kwenye tangi la rafiki lenye afya, kipande hicho kina thamani kuliko dawa yoyote ya chupa.

Nairobi shida ni ya upande wa pili. Maji ya bomba yanayotoka milima ya Aberdare ni laini, na gapi aliyekaa kwenye maji laini mno hubana mapezi na kutetemeka. Maganda ya baharini yaliyosagwa, yale yanayouzwa kwa wafugaji wa kuku, yakitiwa kijiko kimoja au viwili kwenye mfuko wa wavu karibu na chujio yanatosha. Matumbawe ya kuokota ufukweni yaache pale yalipo.

Kuna wanaouliza kama gapi analipa. Jibu langu lina masharti. Chukua jike mmoja anayekupa vifaranga 20 wanaopona kila mwezi, na kila mmoja umlee miezi minne ndipo auzike. Wakati wowote utakuwa na 80 wa umri tofauti. Ukiwahesabia wastani wa lita 1.5, maana wengi bado wadogo, unahitaji lita 120, matangi mawili na ushei, mbali na la wazazi. Meza na pampu zikitumika kwa pamoja, tuseme umewekeza 400,000 kwa vifaa vyote. Duka likinunua kwako kwa 2,500, samaki 20 ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Umeme, chakula na dawa viwe 15,000. Unabaki na 35,000, na mtaji unarudi baada ya miezi 11 na nusu ya mauzo, juu ya miezi minne ya kusubiri. Hesabu hiyo inavutia. Lakini ukiuza nusu tu, mauzo ni 25,000, faida 10,000, na mtaji unarudi baada ya miezi 40. Saa zako za kazi sijaziweka popote. Jambo la kuulizia kabla ya kununua kioo ni duka lipi litachukua samaki 20 kila mwezi, na aina gani. Sri Lanka, ambako gapi ni samaki mkuu wa mapambo anayesafirishwa nje, familia nyingi hufuga uani na kumuuzia msafirishaji mmoja: soko lao limetangulia tangi.

Atakayefuga kwa kuuza atalazimika pia kuchagua. Mwaka 1920 Johannes Schmidt, mtaalamu wa Denmark, alionyesha kwamba alama za rangi za gapi aliowachunguza zilitoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, na baadaye ikathibitika kwamba jeni nyingi za rangi zimo kwenye kromosomu Y. Kwa mfugaji maana yake ni hii: kwa sehemu kubwa dume unayembakiza leo ndiye atakayeamua sura ya madume wa mwakani. Majike watengwe na madume wakiwa na wiki 3 au 4, pezi la chini la dume linapoanza kuchongoka. Ukichelewa, mbegu ya kaka yeyote wa rangi hafifu imekwisha kuhifadhiwa. Katika vifaranga 30, madume ni 15, na wanaostahili kuzalisha ni 2 au 3.

Porini kazi hiyo ya kuchagua hufanywa na adui. John Endler, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1980, alihamisha gapi wa Trinidad kutoka maji yenye samaki wala-wenzao wengi kwenda kijito chenye hatari ndogo. Baada ya takriban miaka miwili madume wa kizazi kipya walikuwa na madoa mengi na makubwa zaidi. Rangi humgharimu gapi maisha pale inapoonekana. Nyumbani hakuna anayemlipisha gharama hiyo, na ndiyo maana mikia imerefuka hadi mingine inamzuia mwenyewe kuogelea. Mimi huwaomba watu wachague kwanza mwendo na afya, halafu rangi.

Vifaranga wa kuchaguliwa wanastahili chakula kizuri. Artemia, vijidudu vya maji ya chumvi wa jamii ya kamba, ndicho bora: gramu moja ya mayai yake makavu ina mayai zaidi ya laki mbili, yanayoanguliwa kwa saa 24 hadi 36 katika maji yenye gramu 25 hadi 35 za chumvi kwa lita. Kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaunti ya Kilifi, artemia walipandikizwa miaka ya 1980. Asiyewapata asage chakula cha kawaida kiwe unga na alishe mara nne kwa siku, kidogokidogo, akibadilisha maji mara mbili kwa wiki.

Kwa asiyetaka biashara wala uteuzi, anayetaka tu kitu kizuri cha kutazama jioni, shauri langu ni moja: nunua madume tu. Madume 12 katika lita 53 ni rangi tupu, hakuna anayezaa, ndoo tatu kwa mwezi zinatosha, na gharama za kila mwezi, pasipo kipasha-maji, hazizidi shilingi 5,000 kwa bei tulizotumia. Watafukuzana kidogo, wakiwa wengi hakuna anayeonewa peke yake. Baada ya miaka miwili au mitatu wanaanza kuzeeka, nawe unabadilisha taratibu. Anayetaka watoto kwa kiasi awaache vifaranga ndani ya tangi la wazazi pamoja na majani machache: wengi wataliwa, wawili watatu watapona, na idadi itajishikilia.

Wakizidi, wapeleke dukani hata bure, au shuleni, au kwa mfugaji wa samaki wakubwa wanaokula wadogo. Wasimwagwe mtoni wala kwenye dimbwi, hata kwa nia ya kupunguza mbu. Gapi mmoja wa kike mwenye mbegu mwilini anatosha kuanzisha kizazi kizima, na madimbwi ya msimu ya Pwani yetu yana wenyewe: samaki wadogo wa jamii ya Nothobranchius, kama Nothobranchius guentheri wa Zanzibar, ambao mayai yao hulala kwenye tope kavu kiangazi chote yakingoja mvua.